Rupia ya bibi ni ya kweli? Namna ya kuitambua sarafu ya kale na kuijua thamani yake

Bibi mzaa mama alipofariki, kule Pangani, tulifungua sanduku lake tukakuta kipande cha kanga kimefungwa fundo. Ndani mlikuwa na sarafu kumi na moja: rupia mbili za Mjerumani, reale moja kubwa nyeusi, hela tano za shaba, na senti tatu zenye tundu. Mjomba akasema palepale kwamba reale ile ni ya mwaka 1780, inatosha kujenga nyumba. Binamu yangu alikuwa ameshaingia jikoni kutafuta limau ili azing'arishe. Namshukuru Mungu nilimwahi.

Tangu siku ile nimekuwa nikikusanya sarafu za pwani yetu, na watu huniletea zao niziangalie. Utaratibu ninaoufuata ndio huu ninaouandika hapa. Msingi wake ni kuisikiliza sarafu kabla ya kumsikiliza anayeiuza. Sarafu ina uzito, ina ukingo, ina mlio; hivyo vinapimika. Maneno ya muuzaji hayapimiki.

Kwanza: weka limau chini

Weusi ulioko juu ya fedha ya zamani si uchafu. Ni ngozi iliyojijenga yenyewe kwa miaka mingi, na mkusanyaji anayejua anaitafuta kama ushahidi kwamba sarafu haijachezewa. Ukiisugua kwa limau na majivu, dawa ya meno au stilwaya, ngozi inatoka na juu yake inabaki mikwaruzo midogo isiyofutika. Rupia ambayo ingeuzwa kama kitu cha kale sasa itauzwa kwa sonara kwa uzito wa fedha tu. Nimeliona hili mara nyingi kuliko nilivyoona sarafu bandia, na linaniuma zaidi, kwa sababu sarafu ilikuwa halali na aliyeiharibu ni mwenyewe.

Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi usiku kucha, kisha ikaushe kwa kuigandamiza taratibu kwenye kitambaa laini. Usifute. Ishike ukingoni, vidole visiguse uso. Itie kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Vile vifuko laini vya plastiki vinavyonata huiachia shaba utando wa kijani.

Pili: isome, ujue inajidai kuwa nini

Huwezi kusema kitu ni bandia kama hujui cha kweli kinatakiwa kuwaje. Kwa bahati nzuri, sarafu zinazotoka kwenye masanduku ya Afrika Mashariki ni za makundi machache.

Rupia ya Mjerumani ya mwanzo, kuanzia 1890 hadi 1902, ilitolewa na kampuni iliyoitwa Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Upande mmoja ni Kaiser Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, upande wa pili ni simba chini ya mnazi. Kuanzia 1904 serikali ya koloni ilichukua kazi hiyo: simba akaondoka, pakaandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA na 1 RUPIE, pamoja na herufi ndogo ya mji ilikopigwa, A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Mwaka huohuo rupia iligawanywa kwa heller 100, na ndiko tulikopata neno letu la kila siku, hela. Kabla yake rupia moja ilikuwa pesa 64, na pesa za shaba za kampuni zina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, zikiwa na mwaka wa Hijria: 1307, 1308 au 1309.

Kwa Zanzibar utakutana na pesa za shaba za Sultani Barghash zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria. Kwa Mombasa kuna rupia ya 1888 ya kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial British East Africa Company. Halafu Mwingereza: florini ya 1920 ambayo haikudumu, na baada yake shilingi ya East Africa ya kuanzia 1921, ile yenye simba na milima, na senti za shaba zenye tundu katikati ambazo bibi zetu walizitunga kwenye uzi.

Andika kwenye karatasi kila herufi unayoiona, hata zile ndogo zilizojificha chini ya mwaka. Alama ndogo ya kiwanda, kama H au KN, inaweza kubadilisha bei.

Tatu: mizani, rula na sumaku

Hapa ndipo bandia nyingi hufia. Nunua mizani ndogo ya mfukoni inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Sonara wanazitumia na bei yake si kubwa. Kwa kipenyo, rula yenye milimita inatosha kuanzia, na kama una fundi jirani mwenye venia, kile kifaa cha kupimia kipenyo na unene, mwazime.

Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66 na kipenyo cha milimita 30 na nusu hivi. Rupia ya Kihindi na ile ya Mombasa ya 1888 zina uzito huohuo, na haikutokea kwa bahati: zote ziliundwa zipokelewe sokoni bila ubishi, fedha 917 katika 1000. Rupia 2 za Mjerumani, zilizotoka 1893 na 1894 tu, zina gramu 23.32 na milimita 35. Reale ya Maria Theresa, ambayo nitaieleza mbele, ina gramu 28.07 na milimita 40 hivi. Shilingi ya East Africa ya fedha ina gramu 7.8 kasoro kidogo.

Sarafu iliyopita mikononi kwa miaka hupungua, haiongezeki. Rupia iliyolika inaweza kukosa robo gramu na bado ikawa halali kabisa. Ikisoma gramu 10, ina kasoro. Ikisoma 12, ina kasoro vilevile, isipokuwa kama iliwahi kulehemiwa kikuku cha mkufu na risasi ya kulehemia ikabaki. Angalia ukingo wa juu, juu ya kofia ya Kaiser: alama ya kulehemu huacha doa lililovimba au rangi tofauti. Wanawake wa pwani walivaa rupia shingoni, kwa hiyo alama hizi si haba, na hushusha thamani bila kuifanya sarafu kuwa bandia.

Sumaku nayo haina maneno mengi. Fedha, dhahabu na shaba hazivutwi. Rupia ikiruka na kung'ang'ania, ni chuma kilichochovywa, rudisha na uondoke. Lakini kutovutwa si cheti. Shaba na risasi nazo hazivutwi.

Nne: ukingo na uso, kwa lenzi

Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja wa pwani ambao sitautaja, niliuziwa Rupia 2 za mwaka 1893 kwa shilingi laki mbili na nusu. Duka lilikuwa na mwanga hafifu, muuzaji alikuwa mzee mpole, na mimi nilikuwa natamani ile sarafu kwa muda mrefu. Sikuwa na mizani. Nilipofika nyumbani niliilaza kando ya rupia ya bibi juu ya karatasi nyeupe, nikafungua dirisha, nikachukua lenzi ya mara kumi.

Kwenye rupia ya bibi, pamoja na kulika kwake, herufi zilikuwa na kona. Ukiifuata E ya IMPERATOR, unaona mahali chuma kilipokatika wima na kukutana na uwanja wa sarafu kama ukuta na sakafu. Kulika kulikuwa mahali panapostahili: kwenye shavu, kwenye masharubu, kwenye kifua cha tai. Mabonde yalikuwa yamebaki na mng'ao.

Ile ya laki mbili na nusu ilikuwa tofauti kila mahali. Herufi zilivimba kama sabuni iliyolowa, hazina kona. Uwanja ulijaa vitobo vidogo vya duara, kama uso wa chapati inapoanza kuiva. Ulikuwa umelika sawasawa, juu na chini, bondeni na mlimani, jambo ambalo mkono wa mtu hauwezi kulifanya. Na ukingoni, nilipoizungusha polepole, kulikuwa na mstari mwembamba ukienda mzingo mzima, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, umepigwa tupa lakini haukuisha. Mizani ilipokuja kusema gramu 17.9, nilikuwa nimeshajua.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi yote. Sarafu halali za karne ya 19 hupigwa: kipande baridi cha chuma hukandamizwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili, na chuma hulazimika kuingia kila kona. Bandia ya kawaida husubiwa: chuma kilichoyeyuka humiminwa kwenye kalibu, hewa hunaswa na kuacha vitobo, na kona hulegea kinapopoa. Ukishaziona mbili kando kwa kando hutasahau. Kwa hiyo nakushauri utafute kwanza rupia moja ya kawaida unayoiamini, hata kama imelika, uiweke iwe mwalimu wako.

Angalia na meno ya ukingo. Ya halali yamenyooka na nafasi zake ni sawa. Ya kusubu yanapotea mahali fulani kisha yanarudi.

Tano: mlio, na kikombe cha maji

Iweke sarafu juu ya ncha ya kidole, igonge ukingoni kwa kalamu ya mbao. Fedha hulia mlio mwembamba unaoendelea. Risasi hujibu "tap" ikanyamaza. Ndivyo wenye maduka wa zamani walivyofanya, waliidondosha rupia juu ya kaunta. Wewe usiidondoshe. Na kumbuka kwamba sarafu yenye ufa au tundu hailii hata kama ni halali.

Kipimo ninachokitegemea zaidi ni cha maji, na hakina gharama. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi wa kushonea, itumbukize yote majini bila kugusa chini wala pembeni, mkono utulie, na usome namba. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia halali ya gramu 11.66 itasoma majini kama 1.13, na jibu litakuja karibu na 10.3. Reale itatoa 10.2 hivi. Ukipata 8 na kitu, hiyo ni shaba au mchanganyiko wake, hata ing'ae vipi. Mtu anaweza kuufikia uzito halali kwa kuinenepesha sarafu, lakini uzito na maji kwa pamoja ni vigumu kuvidanganya.

Reale: 1780 isiyo ya 1780

Sasa nirudi kwa mjomba. Maria Theresa, malkia aliyeitawala Austria, alifariki 1780, na reale yake ilipendwa mno na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Ethiopia, Yemen, Oman na pwani yetu, kiasi kwamba walikataa yenye mwaka mwingine. Basi Vienna wakaendelea kuipiga na mwaka uleule. Baadaye ikapigwa Roma, London, Paris, Brussels, Bombay. Italia iliichukua mihuri 1935 ilipokuwa ikiielekea Ethiopia, na Uingereza ikaanza kupiga zake mwaka uliofuata. Vienna hawajaacha.

Kwa hiyo ukiwa na reale ya 1780, karibu kila mara umeshika sarafu halali ya fedha, yenye fedha safi gramu 23.4, lakini si ya 1780. Huo si ulaghai wa mtu. Ulaghai upo kwenye zile za kusubu. Kipimo chake cha haraka ni ukingo: ya kweli ina maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na mapambo kati ya maneno. Bandia nyingi zina ukingo mtupu au herufi zilizochanika. Chini ya kifua cha malkia tafuta S.F.; zisipokuwepo, ama ni bandia, ama ni toleo jingine linalohitaji macho ya mtaalamu.

Dhahabu ya Tabora

Hii naielezea peke yake kwa sababu ndiyo inayotapeli watu wengi wenye pesa. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, meli za Uingereza zilifunga bahari na koloni likakosa sarafu. Mwaka 1916 Wajerumani walipiga zao kwenye karakana ya reli Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba, na Rupia 15 za dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo na nyuma yake Kilimanjaro. Za dhahabu zilitoka 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora.

Rupia 15 halali ina gramu 7.17. Dhahabu yake ni robo tatu, na majini jibu lake ni kati ya 15 na 16. Shaba iliyochovywa dhahabu, kwa ukubwa uleule, haifiki hata gramu 4 na robo. Ukisikia mtu amekuja na tano au kumi za namna hii zilizochimbwa chini ya mbuyu, piga hesabu: kumi zingekuwa zaidi ya moja katika kila elfu mbili zilizopata kuwepo.

Heller 20 za Tabora zina jambo lake. Zilipigwa kwa haraka, kwa mihuri iliyochoka, juu ya vipande visivyo sawa. Ya kweli mara nyingi ni mbaya: imepigwa kombo, taji halikutoka vizuri, ukingo umepinda. Hapa, iliyo nzuri kupita kiasi ndiyo ya kuitilia shaka.

Thamani: umri si bei

Bei ya sarafu hutokana na mambo matatu yanayofanya kazi pamoja: ni ngapi zimebaki, zina hali gani, na ni wangapi wanazitaka. Umri peke yake haumo.

Mfano mzuri ni senti 5 na senti 10 za East Africa za mwaka 1936 zenye jina EDWARDVS VIII. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka uleule kabla ya kutawazwa, na wauzaji huisimulia hadithi hiyo kwa ufasaha mkubwa. Hadithi ni ya kweli. Lakini sarafu zenyewe zilipigwa kwa mamilioni na bado zimejaa kwenye makopo kuanzia Kigoma hadi Lamu. Nunua kwa bei ya soda, ufurahie nayo.

Anza na sakafu, yaani bei ya chuma chenyewe. Rupia ina fedha safi gramu 10.7. Shilingi ya East Africa ya 1921 hadi 1946 ni fedha robo tu, kwa hiyo haifiki gramu 2. Ya 1948 kuendelea haina fedha kabisa. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi ya gramu 31.1. Igawanye kwa 31.1, zidisha kwa gramu za fedha safi, umepata bei ambayo hutakiwi kushuka chini yake.

Kutoka hapo hali ndiyo inayopandisha. Kwenye rupia ya 1890, tazama tai wa kofia na manyoya ya simba. Kama manyoya yamekuwa uwanja mtupu, hiyo imelika. Kama unayahesabu moja moja, na mabonde bado yana mng'ao wa asili, bei inaweza kuwa mara nyingi ya ile iliyolika, kwa sarafu ileile ya mwaka uleule.

Kwa bei za soko, tafuta sarafu yako kwenye tovuti ya Numista, ambayo ni bure na ina picha na idadi zilizopigwa. Kisha angalia minada ya mtandaoni, lakini soma bei za zilizokwisha kuuzwa tu. Bei aliyoandika muuzaji ni ndoto yake. Bei iliyolipwa ndiyo soko.

Ukitaka kuuza au kununua

Mnunuzi wa kweli hakuombi ada. Anayekwambia utume pesa ya vipimo, ya kufungua faili au ya usafiri wa wazungu wanaokuja, funga simu. Vivyo hivyo anayedai rupia yako inavuta mchele au ina zebaki ndani. Vile vipande vya shaba vilivyoandikwa East India Company 1818 vyenye picha za miungu ya Kihindu havikuwahi kuwa fedha ya Kampuni. Vilitengenezwa baadaye sana, na utapeli wa mchele ulianza navyo India.

Sarafu za urithi ni zako. Za ardhini ni habari nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba bila kibali ni kosa. Kenya ina sheria yake ya 2006 chini ya Makumbusho ya Taifa. Hapa nawaomba sana ndugu zangu wa Kilwa, Mafia na Pemba. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, kama Ali bin al-Hasan, hazina mwaka. Maandishi yake yana vina, upande mmoja unaujibu mwingine kama beti la shairi. Kwa kuwa hazina mwaka, tarehe yake hujulikana kwa udongo zilimolala na vitu vilivyolala nazo. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ziliibuka sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na zimetufundisha mambo kuhusu mababu zetu wa karne ya 11 ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika. Ukiing'oa moja na kuiuza kwa mtalii, umeuza kipande cha shaba na kuutupa ushuhuda. Iache ilipo, piga picha, toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au kwenye makumbusho iliyo karibu.

Mwisho, andika. Kila sarafu iwe na karatasi yake ndani ya bahasha: uzito, kipenyo, jibu la maji, ilitoka kwa nani, ilikaa wapi. Mnunuzi makini hulipa zaidi kwa sarafu yenye historia inayofuatilika, na wajukuu hawatabaki wakibahatisha. Za bibi ninazo zote kumi na moja. Kwenye bahasha ya reale nimeandika: gramu 27.94, maandishi ya ukingoni kamili, S.F. ipo, majini 10.2, ilifungwa kwenye pindo la kanga, Pangani, bibi alisema alipewa na mama yake siku ya harusi.